Ndoo ya zege, sahani za chuma na nanga ya nondo: shajara ya mradi

Siku ya 1

Mashua yenyewe ni ya mbao, urefu mita 4.3, upana mita 1.5, injini ndogo tezini (nyuma), watu wawili na vikorokoro vya kuvulia. Nanga yake tangu niipate ni jiwe lililozungushwa kamba. Jana jiwe lilichopoka. Kamba ilipanda juu nyepesi kama imekatwa, jiwe likabaki kwenye makazi yake mapya, na sisi tukaenda na upepo huku mishipi minne iko majini. Kuifumua ile mishipi kulichukua muda mrefu kuliko tuliokuwa tumevua.

Basi nimeamua kutengeneza kitu cha maana, na kuandika kila hatua ili nisirudie makosa yangu mwenyewe mwakani.

Maji ninayovulia ni ya sampuli tatu: ghuba tulivu ambayo chini ni tope, mlango wa mto wenye mchanga na mkondo, na rasi yenye mawe. Shabaha: nanga moja itakayoshika kote kutatu.

Siku ya 2

Kabla ya kununua au kukata chochote nimekwenda na bilidi. Hii ni kipande cha zamani cha madini ya risasi cha kupimia kina, chenye shimo kitakoni. Shimo unalijaza grisi au sabuni laini, unaitumbukiza, unapima kina kwa kamba yenye alama, kisha unaipandisha na kutazama kilichonata. Mabaharia wamefanya hivyo karne na karne, na kwa mashua ndogo haijapatikana njia nyepesi kuliko hiyo.

Ghuba: mita 3 hadi 4, tope jeusi laini. Mlango wa mto: mita 4, mchanga mgumu, sehemu mbili zina majani. Rasi: mita 6, grisi ilirudi tupu na imechubuka, maana yake ni mwamba. Mahali nilipodhani ni mchanga tangu siku nyingi, kumbe ni changarawe. Nimekuwa nikiilaumu nanga kwa kosa la sakafu.

Siku ya 4

Zege. Kila mtu huanza na zege, nami sikutaka kuwa wa kipekee. Ndoo ya lita 20, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, na pete ya nondo iliyokunjwa na kuzamishwa katikati. Nilijaza nusu tu kwa sababu nilipiga hesabu kwanza: lita moja ya zege ina karibu kilo 2.4, kwa hiyo ndoo nzima ingekuwa kilo 48, na mgongo wangu haujaniudhi kiasi hicho. Nusu ni kilo 24.

Mzee anayeegesha mtumbwi wake jirani na mashua yangu alisimama akaitazama.

“Mwanangu, hiyo unajengea nini?”

“Ni nanga, mzee.”

“Haya,” akasema, akaenda zake. Haya za namna hiyo nazijua.

Nimeifunika gunia bichi. Zege hupata takriban theluthi mbili ya nguvu zake katika wiki ya kwanza, na kipimo chake kamili huhesabiwa siku ya 28. Wiki moja inatosha kwa kitu kitakachokaa chini ya maji.

Siku ya 5

Wakati zege linakauka nimekaa na kalamu, na hapa ndipo mradi ulipogeuka.

Kitu kikizama, maji hukibeba kwa kiasi cha uzito wa maji kiliyoyasukuma. Hilo tulifundishwa shuleni kwa jina la Archimedes tukalisahau. Sasa tazama: zege lina uzito mara 2.4 ya maji, kwa hiyo kilo 10 za zege zikifika chini zinabaki kilo 5.8. Chuma, mara 7.8 hivi, kilo 10 zinabaki 8.7. Risasi, mara 11.3, zinabaki 9.1. Jiwe la kawaida lenye uzito mara 2.65 linabaki na 6.2, yaani jiwe lililonikimbia lilikuwa bora kidogo kuliko zege ninalolimwagia maji kila asubuhi.

Na mfuko wa mchanga? Nilidhani utakuwa dhaifu kwa kuwa una matundu. La. Matundu yanajaa maji na maji ndani ya maji hayana uzito. Zinazobaki ni chembe, na chembe ni jiwe. Kilo 10 za mchanga mkavu zinabaki 6.2 kama jiwe. Tofauti ni kwamba mfuko hulala ukajibandika kwenye sakafu, hautingishiki, haugongi ubavu wa mashua kwa kishindo, na safari ya kurudi unaweza kuumwaga. Kwa mtumbwi mwembamba ningeanza na mfuko wa turubai kabla ya kitu kingine chochote. Uwe wa kitambaa kigumu, lakini, na mdomo ushonwe.

Risasi nimeiacha. Ukiiyeyusha mvuke na vumbi lake ni sumu, na tone la maji ndani ya kalibu linageuka mvuke ghafla na kurusha risasi ya moto usoni mwako. Kwa faida ndogo juu ya chuma, haina thamani ya macho yangu.

Siku ya 11

Jaribio la kwanza la ndoo. Nimeazima mizani ya ndoano inayofika kilo 50, nikaifunga kati ya kamba na omo, yaani mbele ya mashua. Upepo wa wastani, mashua ikiwa imeuelekezea omo: kilo 2 hadi 3. Ni kidogo kuliko nilivyotarajia. Halafu tukafunga kamba katikati ya ubavu ili mashua ikae ubavu kwa upepo: kilo 5, wakati mwingine 6. Upepo uleule.

Hesabu inakubali. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: upepo ukiongezeka maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Kwa hiyo kilo 2 za leo ni kilo 8 jioni upepo ukipiga mara mbili, na kilo 5 za ubavuni zinakuwa 20. Mtu anayepima nanga yake asubuhi maji yakiwa shwari hajapima kitu.

Ndoo yenyewe sasa. Ghubani ilitulia vizuri, ilizama topeni hadi kiunoni. Kwenye mchanga tulivuta kwa kasia hadi ikaanza kuburura: kilo 7. Ndoo ya kilo 24! Chini ya maji ni kilo 14, na kitu kinachokaa tu juu ya mchanga hushika karibu nusu ya uzito wake. Isitoshe, ndoo ni duara. Ikiangukia ubavu inabingirika. Tuliisikia kupitia kamba, du, du, du, kama mtu anashuka ngazi.

Kuipandisha kilo 24 juu ya ukingo wa mashua ya mita 4.3 huku mwenzako amekaa upande huohuo ni namna ya kuomba kupinduka. Nimeacha kabisa wazo la nanga moja, na pia wazo la kutegemea uzito peke yake.

Siku ya 12

Nimekwenda kwa mzee nikakiri. Akanionyesha nanga yake: vipande vinne vya nondo ndani ya bomba, makucha yamepindwa. Uzito wake ni kama wa kuku.

“Jiwe linakaa,” akasema. “Nanga inashika. Kukaa na kushika ni mambo mawili.”

Sikuwa na la kujibu. Hata historia yote ya nanga ni ya watu waliochoka kubeba. Ile meli iliyozama Uluburun, pwani ya Uturuki, katika karne ya 14 KK, ilikutwa na nanga za mawe 24. Ishirini na nne! Naamini hawakubeba kwa fahari. Walijua nyingine zitabaki chini kama langu. Wavuvi wa Newfoundland, Kanada, walilifungia jiwe ndani ya fito za mbao zenye makucha, uzito na kushika pamoja. Na mwaka 1933 Geoffrey Ingram Taylor, bingwa wa hisabati na fizikia wa Uingereza, alibuni nanga yenye umbo la plau inayochimba kadiri inavyovutwa. Kichwa kama kile kilihangaika na nanga za vyombo vidogo. Nami sioni aibu kupoteza wiki mbili.

Siku ya 15

Mpango mpya: vizito viwili vya chuma kwa ajili ya tope, nanga ya nondo kwa mawe, na nanga ya makombe (mabapa yanayojichimbia) kwa mchanga.

Kwanza vizito. Nimepata sahani nne za chuma za kunyanyulia mazoezi, kilo 5 kila moja. Mbili mbili nimezibana kwa bolti nene yenye jicho juu. Kizito kimoja kilo 10, majini 8.7, yaani zaidi ya nusu ya ile ndoo ya kilo 24 na kinashikika kwa mkono mmoja. Nimevizungushia mpira wa ndani wa tairi ili visiparuze mbao wala kupiga kelele. Samaki wa maji ya kina kifupi husikia kizito kikigonga taruma kabla hawajauona mshipi wako.

Siku ya 16

Ghubani na vizito viwili, omo na tezi, mashua imekaa ubavu kwa upepo mwepesi. Raha. Mishipi yote mbele yetu, hakuna kuyumba kama saa ya ukutani.

Utaratibu uliotufaa: shusha cha upande unakotoka upepo kwanza, polepole, mkono juu ya mkono, kamba isiachiwe. Acha mashua isogee kidogo, shusha cha pili, kisha kaza kamba zote mbili. Baada ya dakika kumi kaza tena, maana vizito vinaendelea kuzama na kamba inalegea. Kamba ya kizito ni fupi, karibu wima. Hapo ndipo kinapotofautiana na nanga.

Kasoro ilijitokeza wakati wa kuondoka. Sahani bapa ilinyonywa na tope. Mizani ilisoma kilo 20, 22, 25, na chuma hakikutikisika. Nilivuta kwa ghafla nikakaribia kuangukia majini. Mwenzangu akafunga kamba ikiwa imekaza, akawasha sigara, akasubiri. Baada ya dakika moja na nusu kikaachia chenyewe. Tope linahitaji muda maji yapenyeze chini ya sahani. Ukivuta taratibu bila kulegeza, linakupa. Ukipiga mishtuko linakataa.

Nyumbani nimehamisha jicho la kamba kutoka katikati, nikaliweka pembeni mwa sahani. Likivutwa, sahani inainuka upande mmoja kwanza, kama unavyobandua kifuniko.

Nanga za umbo la uyoga zinategemea mnyonyo huohuo. Robert Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti, alizitumia kwenye meli ya taa karibu na mwamba wa Bell Rock mwaka 1807. Zikikaa miezi zikafukiwa, hazing'oki. Kwa mvuvi anayekaa saa tatu tu, uyoga mdogo ni kizito tu chenye sura nzuri.

Siku ya 19

Kosa langu kubwa, naliandika lilivyo. Mlango wa mto, mkondo umeanza kukaza, nami kwa mazoea ya ghubani nikashusha kizito cha tezi kwanza. Kilishika jiwe au mzizi. Mashua ikageuka, tezi ikaukabili mkondo, na tezi ni bapa, ina injini, ndiyo sehemu ya chini kuliko zote. Maji yalipanda nyuma ya injini yakaanza kuingia. Kamba ilikuwa imekaza kiasi kwamba fundo halifunguki. Nilikata.

Kizito kimoja kimekwenda. Kuanzia leo: kwenye mkondo ni omo peke yake, na kisu kimefungwa chini ya ubao wa kukalia, si ndani ya mfuko ulio ndani ya sanduku.

Siku ya 22

Nanga ya nondo, ya kwanza. Nondo za milimita 12, vipande vinne vya sentimita 90, ndani ya bomba la sentimita 40, nikazipinda kwenye jiliwa makucha yakawa ya sentimita 15, fundi akachomelea juu na chini. Jumla kilo 4.5. Nzuri sana. Imara sana.

Imara ndiyo shida. Nchi kavu nimeiingiza kucha moja chini ya mzizi, tukavuta watu wawili hadi mizani ikafika mwisho wake wa kilo 50. Haikunyooka hata kidogo. Maana yake ikikwama kwenye mwamba, ni yangu na ya mwamba milele.

Siku ya 24

Ya pili, nondo za milimita 8. Kucha ya urefu uleule imenyooka kwenye kilo 25 hivi. Hicho ndicho ninachotaka: mashua yangu ikielekeza omo kwenye upepo mkali inavuta kilo 8, labda 12 mawimbi yakiongezeka, kucha inashika hapo, lakini nikiamua kuondoka nafunga kamba omoni, injini inasogea mbele taratibu, kucha inanyooka, nanga inapanda. Nairudisha umbo kwa bomba nikiwa nimekaa. Ukishaipinda na kuinyoosha mara kadhaa chuma kinachoka na kucha itakatika, kwa hiyo nimekata vipande vya akiba.

Kwa kuwa ni nyepesi mno kulala vizuri chini peke yake, nimeiongezea mnyororo wa mita 2, milimita 8, karibu kilo 2.8. Mnyororo unafanya kazi mbili: unalaza mti wa nanga (shina lake) chini ili makucha yaume, na unasuguana na mwamba badala ya kamba yangu.

Mnyororo nimeufunga kitakoni mwa nanga, pale makucha yanapokutana, kisha nikaupandisha hadi kwenye pete ya juu na kuufunga hapo kwa uzi mwembamba. Ukivuta kwa kawaida, nguvu inapita kwenye pete. Ikikwama, unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, nanga inavutwa kwa kitako na kutoka kinyumenyume. Uzi uwe dhaifu kuliko kucha lakini imara kuliko upepo. Nilipata kwa kujaribu: nyuzi mbili za mshipi wa kilo 10, moja juu ya nyingine.

Siku ya 27

Rasini, mita 6. Ilishika mara ya kwanza. Ilikwama mara ya tatu, uzi ukakatika kama ulivyoagizwa, nanga ikatoka. Nilipiga kelele peke yangu kama mpumbavu.

Siku ya 30

Nanga ya makombe nimeinunua, sikuitengeneza. Ni ile ya makombe mawili bapa yanayokunjika, ya kilo 2.5, jamii ya aliyoibuni Richard Danforth Marekani karibu na mwaka 1940. Pembe kati ya makombe na mti ndiyo roho yake: nyuzi 32 hivi kwa mchanga, karibu 50 kwa tope laini. Nilijaribu kuchora yangu kwenye bati nene, nikatambua kwamba nikikosea nyuzi kumi nitakuwa na koleo ghali. Kuna vitu vya kutengeneza na vitu vya kununua.

Kwenye mchanga, kina mita 4, na nusu mita kutoka maji hadi omo, jumla 4.5. Nusu mita hiyo watu huisahau, na kwenye maji machache ni sehemu kubwa. Kamba mita 13.5, yaani mara tatu: ilishika, ikang'oka kwenye kilo 18. Mita 22.5, mara tano: mizani ikafika 50 nanga haijasogea. Nanga ya kilo 2.5! Kamba ya mara tatu inainuka kwa pembe ya nyuzi 19, ya mara tano 11 na nusu, ya mara saba 8. Kadiri inavyovutwa karibu na sakafu ndivyo inavyozidi kujizika. Panapokupwa na kujaa, pima kwa maji yaliyojaa.

Kwenye majani haikufaa kitu. Iliteleza juu yake, ikapanda na kichaka kizima.

Siku ya 33

Kamba. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya plastiki inayoelea, rahisi, na ilikuwa ikizunguka juu ya maji tayari kujisokota kwenye pangaboi. Jua pia limeila, ukiisugua inatoa unga. Nimeweka nailoni ya milimita 10, mita 40. Inazama, inanyumbuka, na mnyumbuko huo ndio unaomeza mishtuko ya mawimbi kabla haijafika kwenye nanga. Upande wa mnyororo nimesuka jicho lenye kikuku cha chuma ndani. Fundo lingekula karibu theluthi ya nguvu ya kamba. Pingu ya U nimeifunga skrubu yake kwa waya, kwa sababu skrubu hufunguka yenyewe chini huko ambako huioni.

Mwisho wa ndani wa kamba umefungwa mashuani kwa kamba nyembamba ninayoweza kuikata, na una boya. Chombo kikubwa kikija, naachia kila kitu na kurudi baadaye.

Siku ya 38

Kizito cha pili nimekitengeneza upya kwa sahani nyingine mbili. Sasa kabla ya kupandisha kitu chochote nakichovya mara tatu nne juu ya maji hadi tope litoke, na majani nayatoa kwa mkono. Nilikuta konokono wadogo ndani ya jicho la bolti baada ya kutoka ghubani. Sitaki kuwa mtu aliyewahamishia maji mengine.

Ndoo ya zege inashikilia mlango wa banda. Ile nondo ya milimita 12 mzee ameichukua. Anasema ana mahali pa tope gumu ambapo makucha laini hayafiki.

Kilichobaki ni pale kamba inapopita juu ya ukingo wa omo. Baada ya saa nne za jana nyuzi za nje zimeanza kuchanika. Nimeivika kipande cha bomba la mpira kilichopasuliwa kwa urefu, lakini kinateleza. Wiki ijayo nitakitoboa na kukifunga.